George Washington Williams: aliyemshitaki mfalme kwa ahadi za mfalme mwenyewe

Katika masomo yetu ya balagha tunafundishwa Wagiriki na Waroma: Demosthenes, Cicero na wenzao. Sina ugomvi nao. Lakini moja ya hati za kisiasa zenye nguvu sana za karne ya 19 iliandikwa hapa kwetu, kando ya maporomoko ya mto Kongo, mahali panapoitwa leo Kisangani. Ina tarehe ya 18 mwezi wa saba 1890. Ni barua ya wazi kwa Leopold wa Pili, mfalme wa Wabelgiji na mwenye Dola Huru la Kongo. Mwandishi wake, George Washington Williams, alikuwa Mmarekani mweusi wa miaka 40. Jina lake limo katika kila historia nzito ya Kongo ya Leopold, lakini katika vyumba vyetu vya masomo ya lugha halitajwi sana.

Nimeisoma barua hiyo mara nyingi mwaka huu, kalamu mkononi, nikitafuta inavyofanya kazi. Wengi huisifu kwa ujasiri na hasira yake. Mimi naona nguvu yake haitoki katika hasira. Inatoka katika jambo moja rahisi na gumu: Williams alimpima mfalme kwa kipimo ambacho mfalme mwenyewe alikitoa mbele ya ulimwengu. Ufundi huo hakuupata siku moja. Aliuokota njiani, kazi moja baada ya nyingine, na ndiyo sababu nataka kuyasimulia maisha yake kabla ya kuifungua barua.

Alizaliwa tarehe 16 mwezi wa kumi 1849, Bedford Springs, katika jimbo la Pennsylvania. Wazazi wake walikuwa watu weusi huru, wakati mamilioni ya wenzao wa kusini mwa Marekani walikuwa bado mali ya watu. Shule alipata kidogo sana. Mwaka wa 1864, akiwa na miaka 14 tu, alijiandikisha katika jeshi la Kaskazini kwa jina lisilo lake ili apigane na wenye watumwa. Vita vilipokwisha akaenda Mexico, akapigana upande wa jamhuri dhidi ya Maximilian, mfalme aliyeletwa kutoka Ulaya. Kisha akarudi katika jeshi la nchi yake, kikosi cha wapanda farasi weusi, na mwaka wa 1868 akapigwa risasi ya pafu. Uaskari wake ukaishia hapo.

Tukumbuke kambi hizo. Mtu aliyekula chakula cha jeshi anajua swali la kuuliza akifika kambini: Askari wanalipwa? Mkataba wao unasema nini? Wakiugua wanalala wapi? Miaka 22 baadaye, alipopita katika vituo vya Bula Matari toka Boma hadi Stanley Falls, Williams aliuliza maswali hayohayo, na majibu aliyoyapata yakawa sehemu ya mashitaka yake.

Alipotoka jeshini, kuandika kulikuwa bado kunamsumbua. Lakini mwaka wa 1874 alihitimu katika chuo cha teolojia cha Newton, karibu na Boston, akiwa mtu mweusi wa kwanza kumaliza masomo pale. Akawa mchungaji wa kanisa la Kibatisti la watu weusi mjini Boston. Nadhani mimbari ndiyo iliyompa sikio. Mhubiri huzungumza na watu ambao hawana karatasi mbele yao; hoja lazima irudi, igonge mlango uleule mara ya pili na ya tatu, hadi aliyekaa nyuma kabisa aisikie. Barua ya Stanley Falls ina marudio ya namna hiyo. Ukiisoma kwa sauti utaona kwamba iliandikwa na mtu aliyezoea kusikilizwa.

Hakukaa sana mimbarini. Alianzisha gazeti mjini Washington, nalo halikudumu. Akahamia Cincinnati, akawa mchungaji tena, akasoma sheria, akaingia siasa. Mwaka wa 1879 alichaguliwa kuwa mbunge katika jimbo la Ohio, mtu mweusi wa kwanza katika bunge la jimbo hilo. Sheria ilimfundisha jambo ambalo mahubiri hayafundishi: dhambi kwa jumla haina hakimu. Mtu hashitakiwi kwa ubaya. Hushitakiwa kwa tendo lenye jina, lililovunja kifungu chenye jina.

Kisha akawa mwanahistoria. Kuanzia mwaka wa 1882 alitoa, katika juzuu mbili, historia ya watu weusi wa Marekani toka 1619 hadi 1880, na baadaye kitabu kuhusu askari weusi katika vita vya 1861 hadi 1865. Alikuwa akiandika kwa wasomaji ambao wengi wao hawakutaka kuamini. Neno la mtu mweusi lilikuwa jepesi machoni mwao, kwa hiyo ilimbidi aliwekee uzito: daftari za jeshi, kumbukumbu za makanisa, magazeti ya zamani, ushuhuda wa wale waliopigana. Alizoea kazi ya kuthibitisha mara mbili kile ambacho mzungu angekubaliwa kwa kukisema mara moja.

Askari, mhubiri, mwanasheria, mwanahistoria. Ndivyo alivyokuwa mwaka wa 1889 alipofika Bruxelles na kupokewa na Leopold.

Siku hizo sifa za mfalme zilikuwa nyingi. Marekani ilikuwa imeitambua bendera ya chama chake cha Kongo mwezi wa nne 1884, kabla ya mataifa mengine makubwa. Mkutano wa Berlin ulikuwa umemalizika mwezi wa pili 1885 kwa hati iliyoahidi biashara huru, kupigana na biashara ya watumwa, na kuinua hali ya wenyeji. Leopold alizungumza kama mfadhili asiyetafuta faida, na Williams alimwamini. Baada ya mazungumzo yao aliandika makala ya kumsifu mfalme sana. Alikuwa na ndoto yake pia: kwamba watu weusi wa Marekani, walionyimwa nafasi kwao, wangeweza kuja kufanya kazi Kongo, wakiwa na ujuzi wao na heshima yao.

Akaenda kutafuta vijana katika chuo cha Hampton, Virginia. Wanafunzi wakamuuliza: Kazi gani hasa? Hali ya hewa ikoje? Watu wa huko wanatendewa vipi? Hakuwa na majibu. Napenda sana sehemu hii ya maisha yake, kwa sababu mzizi wa hati kubwa ya kisiasa ulikuwa darasa la wanafunzi waliokataa kushawishiwa kwa maneno matupu. Williams aliamua kwenda kuona kwa macho yake. Mfalme alijaribu kumshawishi aahirishe safari. Mwanzoni mwa 1890 alipanda meli kutoka Uingereza, baadhi ya gharama zikilipwa na Collis Huntington, tajiri wa reli aliyekuwa na hamu na reli ya Kongo.

Alifika Boma, kisha Matadi. Reli ya kwenda Stanley Pool ndiyo kwanza ilikuwa inaanza kujengwa, na ingemalizika mwaka wa 1898. Kwa hiyo alipita njia ya misafara kwa miguu, njia ya wapagazi, mamia ya kilometa za vilima na vijito. Toka huko akapanda mto kwa meli ya mvuke hadi Stanley Falls. Mahali pale palikuwa mpaka wa tamaa mbili. Tippu Tip, mfanyabiashara mkubwa wa Zanzibar, alikuwa amefanywa gavana wa Stanley Falls mwaka wa 1887 kwa jina la mfalme yuleyule aliyeahidi kumaliza biashara ya watumwa, na watu wake waliishi pale wakisema Kiswahili. Kwa hiyo barua hii ya Kiingereza iliandikwa mahali ambapo lugha tunayoisomea hapa kitivoni ilikuwa inasikika kando ya maji kila asubuhi.

Sasa tuifungue barua.

La kwanza ni salamu. Williams anamwita mfalme rafiki mwema na mkubwa. Masikioni mwetu maneno hayo yanaweza kusikika kama unafiki au kejeli. Lakini yanafanana sana na maneno ambayo marais wa Marekani huanzia barua zao kwa wafalme. Williams hakuwa rais wala balozi. Hakutumwa na serikali yoyote. Kwa salamu hiyo alijivika joho la dola, akasimama mbele ya mfalme kama mtu wa daraja lake. Na adabu hiyo haimtoki hadi mwisho. Hatukani. Kila mara anamtaja mfalme kwa cheo chake kikubwa, na kadiri mambo anayoyaeleza yanavyozidi kuwa machafu, cheo kile kinazidi kuwa kizito kubeba. Wazee wetu wanajua njia hii: ukitaka kumwonya mkubwa barazani, mpe kwanza heshima yake yote, ili baadaye asipate pa kukimbilia.

La pili ni dhamana. Kabla ya kushitaki lolote anaeleza kwamba kila jambo limechunguzwa, kwamba ana orodha ya mashahidi, barua na hati rasmi, na kwamba vyote vitawekwa kwa waziri wa mambo ya nje wa Uingereza mpaka iundwe tume ya kimataifa ya kuvipokea. Huyo ni mwanahistoria anayesema. Lakini hapo pia lipo ombi kubwa la kisiasa, limefichwa ndani ya maelezo ya utaratibu: tume ya mataifa ya kumchunguza mfalme. Limewekwa kana kwamba tume hiyo ni jambo la kawaida lisilohitaji kubishaniwa, ambalo kilichobaki ni kulisubiri tu.

La tatu ndilo moyo wa barua. Anauliza: mfalme ameipata nchi hii kwa haki gani? Mfalme alijibu swali hilo Ulaya kwa kuonyesha mikataba ya machifu. Williams anachukua jibu hilo na kueleza jinsi mikataba ilivyopatikana. Betri za umeme zilinunuliwa London, zikafichwa ndani ya mkono wa koti, na waya ukafika kiganjani. Chifu aliposhikana mkono na mzungu akarushwa, akaambiwa hizo ndizo nguvu za mzungu. Kioo cha kukusanya jua kiliwasha sigara, chifu akaambiwa kwamba jua ni rafiki wa mzungu na lingeweza kuteketeza kijiji likiombwa. Bunduki ilipewa chifu ampige mzungu, risasi ikiwa imekwisha fichwa, kisha mzungu akainama na kuitoa kiatuni. Kwa michezo hiyo, na masanduku machache ya pombe, vijiji vizima viliwekwa sahihi.

Angalieni anavyosimulia. Hapandishi sauti. Anaeleza kila mchezo kwa utulivu, kama fundi anayeonyesha jinsi mashine ilivyofungwa. Msomaji wa Ulaya anaanza kucheka, na kicheko kikiwa bado mdomoni anatambua kwamba hati ambazo serikali yake ilizitambua Berlin zimejengwa juu ya mambo hayo. Williams hakusema mikataba ni mibaya. Alionyesha kwamba, kwa sheria ya wale wanaoiheshimu mikataba, hiyo haikuwa mikataba.

Anaendelea hivyo. Mfalme alizungumza juu ya huruma, basi Williams anatafuta hospitali, na ya kutajwa haipo. Mfalme alizungumza juu ya ustaarabu, basi anatafuta shule. Anatafuta kazi zilizoahidiwa, ulinzi ulioahidiwa, biashara huru iliyoahidiwa. Kila ahadi ni mlango. Anaufungua, ndani hamna kitu, anakwenda mlango wa pili.

La nne ni hesabu. Baada ya sehemu hiyo yanakuja mashitaka 12, moja baada ya jingine, kila moja na nambari yake. Serikali haina nguvu ya kutawala nchi inayodai kuwa yake. Inavunja mikataba yake na askari na mafundi. Mahakama zake si za haki. Inawatesa wafungwa kwa minyororo. Wanawake wanaletwa kwa ajili ya ufuska. Inafanya biashara yenyewe na kuwazuia wengine, kinyume cha Berlin. Inapigana vita visivyo na haki. Inanunua watu: Williams anataja hata bei, pauni 3 kwa kichwa cha mtu mwenye nguvu za kuwa askari. Huyo ndiye mwanasheria wa Cincinnati. Mtu anaweza kukana shitaka la tatu, lakini la nne linamsubiri.

La tano ni la sarufi, na kwetu watu wa lugha ndilo lenye faida zaidi. Katika mashitaka hayo kiima ni kilekile mara kwa mara: serikali ya mfalme. Serikali ya mfalme inavunja, serikali ya mfalme inanunua, serikali ya mfalme inapigana. Watetezi wa Leopold walizoea kusema kwamba kama kuna ubaya, ni wa maofisa wachache walioko mbali na macho ya mkubwa wao. Williams anauziba mlango huo kwa kiima. Fikirini tofauti kati ya kusema kwamba watu waliuawa na kusema ni nani aliyewaua. Kauli yetu ya kutendwa inaturuhusu kumaliza sentensi bila kumtaja mtendaji. Kiambishi kimoja tu, na muuaji ametoweka. Taarifa nyingi za serikali, za jana na za leo, huishi katika kiambishi hicho. Barua ya 1890 inakikataa.

La sita ni picha ndogo katikati ya hesabu kubwa. Maofisa wawili wa jeshi la Ubelgiji, wakiwa juu ya meli, wanamwona mwenyeji mmoja ndani ya mtumbwi wake kwa mbali. Wanawekeana pauni 5 kama wataweza kumpiga. Risasi tatu, mtu anaanguka akiwa amepigwa kichwani, na mtumbwi wa biashara unateremka na mto kimya, umegeuka jeneza. Hakuna maelezo baada yake. Mtu huyo hakuwa mwasi wala mfungwa. Alikuwa njiani kufanya biashara, ile biashara huru iliyoahidiwa Berlin. Hata picha hii, basi, inapima ahadi.

La saba ni kupanuka kwa wasikilizaji. Barua inaanza kwa mtu mmoja, mfalme. Inamaliza kwa kuyaita mataifa yaliyotia sahihi Berlin, vyama vya kupinga utumwa, Wakristo, wafadhili, watu wa serikali, na umma wa watu popote walipo. Ndiyo maana ya barua ya wazi: anayeandikiwa ni mmoja, wanaosikilizishwa ni wengi, na huyo mmoja anajua kwamba wengi wanasoma begani mwake. Miezi miwili baadaye, katika barua kwa waziri wa mambo ya nje wa Marekani, Williams alitumia juu ya Dola la Kongo msemo wa makosa dhidi ya ubinadamu, muda mrefu kabla mahakama za karne ya 20 hazijaufanya kuwa istilahi ya sheria. Alihitaji jina la kosa ambalo halikuwa katika kitabu cha sheria cha nchi yoyote, akalisema.

Pamoja na hayo yote, barua haikumshawishi karibu mtu yeyote mwenye uwezo wa kutenda.

Ilichapwa kama kijitabu, ikasambazwa Ulaya na Marekani, magazeti yakaiandika, na mwaka wa 1891 maswali yakaulizwa katika bunge la Ubelgiji. Lakini watetezi wa mfalme walijibu kwa kuuliza mwandishi ni nani. Barua ilibeba cheo cha kanali mbele ya jina lake. Magazeti yakauliza kama kweli ni kanali. Wakachunguza maisha yake na rangi yake. Maofisa wa Dola la Kongo wakatoa ripoti ndefu ya kujitetea. Mjadala ukahama toka mtumbwi wa mto Kongo hadi mabega ya koti la Williams.

Hapa naona somo ambalo vitabu vya balagha hulisema kwa upole kupita kiasi. Tunafundishwa kwamba ushawishi una miguu mitatu: hoja, hisia, na tabia ya msemaji. Tunaambiwa msemaji huijenga tabia yake ndani ya hotuba. Williams aliijenga ndani ya barua kwa ufundi mkubwa: heshima, ushahidi, utaratibu. Lakini sehemu ya tabia haijengwi na msemaji. Hutolewa au kunyimwa na wasikilizaji kabla hajafungua mdomo. Mtu mweusi anayemshitaki mfalme wa Ulaya mwaka wa 1890 alikuwa amekwisha nyimwa. Na cheo kile cha kanali, alichokitumia nadhani ili kuziba pengo hilo, kiliwapa maadui mahali pa kushika. Barua ilikuwa imeufunga kila mlango wa mfalme, lakini uliachwa wazi dirisha moja la mwandishi, nao wakapitia humo.

Kuna jambo jingine ambalo sitaki kulinyamazia. Williams anawasifu wenyeji kwa subira yao na kuiaibisha kwayo dini ya wanaowatesa. Anasema wanalalamika kunyang'anywa ardhi. Hata hivyo, mara nyingi sauti yao inatufikia kwa jumla, kama sauti ya umati uliosimama nyuma ya mwanasheria wake. Aliwasemea kwa uaminifu. Lakini hati iliyofundishwa kuhesabu mashahidi ilituachia mtu wa mtumbwini bila jina.

Williams hakupata muda wa kuandika zaidi. Alikuwa na mpango wa kitabu kikubwa juu ya Kongo. Kutoka Kongo alipitia Luanda, ambako mwezi wa kumi 1890 alimwandikia rais wa Marekani ripoti, kisha akazunguka pwani za Afrika hadi Misri, na huko akaugua sana. Alifika Uingereza akiwa na kifua kikuu. Akafa katika mji wa Blackpool tarehe 2 mwezi wa nane 1891, na miaka yake 41. Kaburi lake lilikaa bila jiwe la jina hadi mwaka wa 1975, pale mwanahistoria John Hope Franklin, aliyeyatafiti maisha yake kwa miaka mingi, alipomwekea jiwe.

Mambo aliyoyasema yaliendelea bila yeye. Miaka iliyofuata kifo chake ndiyo iliyoleta ukatili wa mpira kwa ukamilifu wake. Mwaka wa 1904 Roger Casement, konsuli wa Uingereza, alitoa ripoti yake. Tume iliyoundwa na mfalme mwenyewe ilifika Kongo na kutoa ripoti yake mwaka wa 1905. Mwaka wa 1908 Leopold akalazimika kuiachia Ubelgiji koloni lake. Tume ya uchunguzi, ushahidi wa mashahidi, hati ya Berlin kama kipimo: njia ambayo hatimaye ilimwondoa mfalme ilikuwa imekwisha chorwa kwenye maporomoko miaka 14 kabla ya Casement. Mtu anaweza kusema, basi, kwamba barua ilishinda kwa kuchelewa. Mimi nasita. Waliokufa kati ya 1890 na 1908 hawakuchelewa.

Wiki chache baada ya tarehe ya barua, mwanzoni mwa mwezi wa tisa 1890, meli nyingine ilifika Stanley Falls ikiwa na baharia mmoja aitwaye Joseph Conrad. Riwaya aliyoitoa mwaka wa 1899 kutokana na safari hiyo inasomwa duniani kote, na sisi pia tunaisoma. Inaeleza giza bila kutaja jina la nchi wala la mfalme. Barua ya Williams inataja yote mawili, tena kwa nambari. Naona ni haki ziwekwe meza moja katika somo moja, tujadili kila moja inamfanyia msomaji kazi gani na inamtaka afanye nini akiifunga.

Na naona ipo kazi ya kutusubiri hapa kitivoni. Sijawahi kuisoma barua hii kwa Kiswahili. Tuifasiri. Wale wa mwaka wa tatu na wa nne waanze na mashitaka 12, kila mtu moja, chini ya walimu wetu wa tafsiri. Shida zitaonekana haraka. Salamu ile tutaifasirije, ili ibebe urafiki, daraja la dola na onyo kwa pamoja? Cheo cha mfalme tutakitia neno gani, lenye heshima ya kweli, lakini lisilomsaidia? Kuna moja, hata hivyo, ambayo naomba tukubaliane kabla ya kuanza: pale Williams aliposema nani alitenda, kiima kibaki mahali pake, na kiambishi cha kutendwa tusikiruhusu kuingia.